Vyungu vya Simiti vya Wachira

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Nakhumicha aliingia chini ya neti ya kivuli nyuma ya nyumba yake ya kupanga Kitengela. Alishika okidi moja, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya mvua, akangoja ishibe, akaitundika ichuruzike, kisha akashika nyingine. Aliweza kuifanya kazi hiyo macho yakiwa nusu yamefumba. Jumatatu hiyo yalikuwa yamefumba kweli, maana usiku kucha hakulala.

Akashika ya kwanza, akainua. Haikuinuka.

Akashika kwa mikono miwili. Wapi!

Akafumbua macho. Vile vyungu vyake vidogo vya plastiki, vyepesi, vinavyoonyesha mizizi ndani, havikuwapo. Okidi zake zote zilikuwa zimesimama ndani ya vyungu vya simiti, vikubwa kama ngoma, vimepakwa rangi nyeupe. Na ndani ya vyungu, Mungu wangu, udongo mweusi wa Kitengela, ule unaoshika gumboot ukakataa kuiachia.

Mtu mmoja tu pale mtaani alitengeneza vyungu vya aina hiyo.

"Wachira!"

Wachira alikuwa na kibanda chake kando ya barabara ya Namanga, hatua chache kutoka kwenye geti. Alikuja akipangusa mikono kwenye ovaroli, akitabasamu kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Umeziona?"

"Nimeziona. Ulifanya hivi saa ngapi?"

"Jana na vijana wa kibandani, ukiwa kanisani. Nilitaka iwe surprise."

"Surprise! Wachira, hizi ni okidi, si migomba!"

"Lakini zilikuwa zinakaa kwa vikopo vidogo hivi. Hata mizizi ilikuwa inatokea nje. Nikasema maskini, zimebanwa."

"Zinapenda kubanwa! Nimekwambia mara ngapi? Okidi huko msituni hushika mti. Mizizi yake inataka hewa. Ukiipa chungu kikubwa, maji yanakaa ndani, inaoza. Na hivi vyako viko na shimo wapi?"

Wachira akainama, akachungulia chini ya chungu kana kwamba shimo lingejitokeza kwa aibu.

"Hiki hakina," alikubali.

"Na kile?"

"Hata kile."

Nakhumicha alifunika uso kwa viganja. Mwaka mzima alikuwa akimfundisha mwanamume huyu habari za vyungu. Kwanza alileta vya udongo, vizuri sana, alivyofinyanga mama yake huko Murang'a. Mwenyewe akavimwagia maji ya kisima, na kwa sababu maji ya Kitengela yana chumvi hata chai hukosa ladha, vyungu vikaota ukoko mweupe wa chumvi na mizizi ikaungua. Kisha akaleta vya kauri vilivyong'aa, bila tundu hata moja. Kila mara alikuja na chungu mkononi, akasimama mlangoni, akafungua mdomo kama mwenye jambo, kisha akauliza, "Hiki je?"

Na sasa, siku yenyewe ya safari yake, alikuwa amefanya hili.

Simu ikalia mfukoni mwa gauni. Ujumbe ulitoka kwa Bi Valerie, msimamizi wa hoteli mpya huko Loitokitok:

"Gari litafika kwako saa nne. Njoo na okidi zote, wageni wa kwanza wanakuja Ijumaa. Bila okidi hakuna kazi ya bustani. Karibu sana."

Kabla hajairudisha mfukoni, ukaingia mwingine, kutoka kwa dadake, Sheryl:

"Wachira ameshasema? Kama hajasema panda gari uende. Usikae hapo kama pazia."

Nakhumicha akaizima.

"Vikopo vyangu viko wapi?" aliuliza.

"Vikopo gani?"

"Wachira, usinichezee! Vyungu vyangu vya plastiki!"

"Nilimpa Mama Kavutha."

Mama Kavutha, jirani aliyeuza maharagwe na mboga, walimkuta mlangoni akinyunyizia maji safu ya vyungu vidogo, kila kimoja kimejaa udongo.

"Mmeamkaje, watoto wangu? Ona vile nimepata vyombo! Nimesia dhania."

"Mama, naomba unirudishie," alisema Nakhumicha, sauti ikikaribia kulia. "Ni vya okidi zangu. Nasafiri nazo leo."

"Aiya! Na huyu aliniambia umevitupa!"

Wote wawili wakamgeukia Wachira. Wachira akaangalia kuku.

Walirudi na vyungu vyote, Mama Kavutha nyuma yao akinung'unikia mbegu zake. Wakaketi chini ya neti. Nakhumicha alizing'oa okidi taratibu, akaosha kila mzizi kwa maji ya mvua, akakata iliyovunjika. Wachira alipewa kazi ya kuponda makaa na maganda ya miti.

"Vipande vikubwa," Nakhumicha aliagiza. "Si unga. Unapika uji?"

"Hivi?"

"Hivyo. Na usishindilie. Acha hewa ipite."

"Nakhu, zitapona?"

"Zimelala humo usiku mmoja tu. Zitapona, lakini si kwa sababu yako."

Wachira akaendelea kuponda. Nakhumicha akainua macho kutoka kwenye mizizi.

"Niambie ukweli. Wewe si mjinga. Nilikwambia habari ya mashimo, ukatoboa mwenyewe vile vya kauri kwa msumari, nikaona. Ulijua simiti haifai. Kwa nini ulifanya hivi, na leo ndiyo siku yangu ya kusafiri?"

Nyundo ikasimama hewani.

"Kwa sababu ni vizito," alisema.

"Nini?"

"Chungu kimoja kinabebwa na wanaume wawili. Pikapu ya hoteli haiwezi kubeba vyote. Nikasema okidi zikishindwa kupanda gari, hata mwenyewe hatapanda."

Mama Kavutha aliguna, akajifanya anaokota mbegu.

Nakhumicha aliiweka chini okidi aliyokuwa akiiosha. Alisimama, mikono ikidondosha maji.

"Yaani ulitaka kuzika kazi yangu ndani ya simiti! Nimesoma, nimetafuta kazi mpaka viatu vikaisha, nimepata, na wewe unanifungia kwa mzigo kama ng'ombe!"

"Sikujua udongo utaziumiza. Naapa, Nakhu. Nilifikiria uzito tu."

"Ungeniambia! Mdomo unao!"

"Ningekwambia nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Honi ikalia getini. Ilikuwa pikapu, na dereva wake, Maweu, alikuwa ameshateremka akinyoosha mgongo.

"Madam, tuko tayari? Loitokitok si hapa Isinya!"

Wachira aliweka nyundo chini. Alitandaza magunia nyuma ya gari, akapanga vyungu vidogo vikiwa vimeegemeana, akasokota magazeti katikati ili visigongane. Alifunga turubai, akaacha upande mmoja wazi.

"Zipate hewa," alimwambia Maweu. "Ukipita kwa mashimo, pole pole."

"Sawa, bosi. Nimebeba hata mayai."

Nakhumicha alikuwa ameagana na Mama Kavutha, lakini mama yule hakuuachia mkono wake.

"Msichana wangu, huyu kijana ni bubu, tumekubaliana. Na wewe je? Mwaka mzima nasikia hapa ukutani, matundu, hewa, chumvi. Siku gani umemwambia neno ambalo si la chungu?"

"Mama, mimi ni msichana. Nitaanzaje?"

"Basi nenda. Ukifika utamwandikia barua ya makaa."

Nakhumicha akaingia garini, uso ukiwaka moto. Wachira alikuja dirishani.

"Nakhu."

"Eeh?"

"Huko maji yanatoka mlimani. Hayana chumvi. Vyungu vya mama vya udongo vitakufaa. Nitavitoboa pembeni, nikuletee..."

"Wachira!"

Alipiga kelele hata Maweu akaondoa mkono kwenye gia. Alifungua mlango, akashuka, akasimama mbele yake. Hakuwahi kupaza sauti namna hiyo maishani mwake, hata kanisani alikoimba sauti ya pili nyuma ya wengine.

"Sitaki chungu! Usiniletee cha udongo wala cha kauri wala cha dhahabu! Nimechoka! Nakutaka wewe. Nakupenda, na nilikuwa nangoja uniambie, na nimengoja mpaka gari limekuja. Kazi naenda, siiachi. Lakini nataka uje kwetu Bungoma na wazee wako, umwambie baba yangu. Basi. Nimesema."

Barabarani lori lilipita likitimua vumbi. Mama Kavutha alishika kiuno, akingoja. Maweu alizima injini.

"Kijana, ongea," alisema. "Mafuta si yangu lakini jua ni langu."

Wachira alitazama mikono yake iliyojaa makaa. Akaipangusa kwenye ovaroli, upande wa mbele na wa nyuma, mpaka hapakubaki cha kupangusa. Kisha akaushika mkono wa Nakhumicha.

"Nenda kazi yako," alisema, kwa sauti ambayo hata kuku walinyamaza kuisikiliza. "Simiti inachanganywa popote, hata Loitokitok. Mwezi ujao nawaleta wazee Bungoma. Nataka kukuoa, Nakhumicha. Ndilo neno nililokuwa naleta kila siku mlangoni pako."