Nikipiga Simu, Fahali Analia

Nilipompigia Wakesho simu nikiwa langoni kwao, fahali alilia ndani ya nyumba.

Nikashtuka, nikakata. Fahali akanyamaza.

Nikapiga tena. Akalia tena, "Mbuuuu!", na mara hii mzee mmoja akapaza sauti kutoka barazani:

"We Wakesho! Daktari wa ng'ombe anapiga! Kimbia!"

Nikabaki nimeshika simu sikioni, mdomo wazi. Nilisikia kandambili zikikimbia huko ndani, kisha sauti ninayoipenda kuliko zote ikanijia kwa heshima ya ofisini:

"Haloo, daktari. Ng'ombe anaendelea vizuri. Amekula."

"Wakesho, ni mimi. Kimeu."

"Ndiyo, daktari. Dawa amemaliza."

"Dawa gani tena? Niko langoni kwenu!"

Sauti yake ikashuka ikawa mnong'ono.

"Langoni wapi?"

"Hapa Werugha. Naiona sweta yako nyekundu dirishani."

Simu ikakatika.

Ngojeni niwaeleze, maana hata mimi wakati ule sikuelewa kitu. Mimi nauza viatu sokoni Voi. Kwetu ni Miasenyi, huko nyikani, kando ya barabara kuu. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Ukambani kabla sijazaliwa. Wakesho hushuka kutoka milimani siku za soko na kabichi, karoti na dania, na meza yake inatazamana na yangu. Uzuri wake sitausema, mtasema nimelogwa. Kilichonimaliza mimi ni simu yake.

Jamani, simu ya yule msichana! Kila mtu alikuwa na mlio wake, na yote alirekodi mwenyewe. Mwenye hoteli anayenunua karoti akipiga, unasikia mafuta yakikaanga, chwaaa, mpaka unasikia njaa. Shangazi yake Wakio akipiga, ni vigelegele. Mwenyekiti wa kwaya akipiga, ni kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla wimbo haujaanza. Wakesho alikinasa kanisani bila mwenyewe kujua. Soko zima lilikuwa likisikia kikohozi hicho, watu wanaacha kujaribu viatu wacheke. Wengine walinunua kabichi wasizozihitaji ili wampe namba zao awatafutie milio.

"Unafanyaje?" nilimwuliza siku moja.

"Kila mtu ana sauti yake hata kabla hajafungua mdomo," akanijibu. "Mimi naitafuta tu."

"Na mimi umeniwekea nini?"

"Wako ni siri."

"Ni mtamu?"

"Wewe lala, uote."

Na mimi mjinga wa mapenzi nikalala, nikaota. Sokoni tulikuwa tunatazamana uso kwa uso, kwa hivyo sikuwa na haja ya kumpigia hapo. Nilimpigia jioni akiwa nyumbani, naye alikuwa akiniambia, "Ngoja nitoke nje kidogo." Tukiongea, kila mara nilisikia ng'ombe karibu naye. Sikuuliza. Kwao ni kwa wafugaji, ningeuliza nini?

Kumbe kwao netiweki inashika pahali pawili tu, dirishani na kando ya zizi. Kwa hivyo simu hukaa dirishani, na watu wa nyumba hiyo hawana haja ya kuitazama. Wanausikiliza mlio, wanajua nani anapiga na nani akimbie. Sasa Wakesho angeweka mlio mpya, babake angeuliza ni wa nani. Na baba huyo alikuwa ameapa. Binti yake wa kwanza aliolewa nyikani, ndovu wakamaliza shamba, maji yakawa ya kutafutwa mbali, na mzee akasema hakuna binti yake mwingine atakayeshuka huko. Ndiyo Wakesho akanificha chini ya mlio wa daktari wa mifugo. Fahali akilia, yeye anachukua simu na kwenda zizini "kumwangalia ng'ombe." Akili hiyo, hata nikiwa na hasira siwezi kuinyima sifa.

Lakini siku ile langoni sikujua lolote. Nilikuwa nimechoka na "subiri kidogo, nitawaambia" ya Wakesho. Nikapanda mlima na jozi ya viatu vya kumpa mamake ndani ya mfuko, ili anitambulishe na yaishe.

Babake, Mzee Crispus, aliyeniona na simu sikioni, alikuja langoni mikono wazi.

"Karibu, daktari! Kumbe we ni kijana hivi!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Mwezi mzima unapiga kila jioni kuuliza hali ya ng'ombe wangu! Nimewaambia majirani, daktari kama huyu hawajapata kumwona. Sindano umekuja nayo?"

"Sindano?"

Akachungulia mfuko wangu. "Mbona ni viatu vya kike?"

Nyuma yake alisimama Wakesho, viganja vimebanwa kifuani. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu kimoja tu: kubali. Kubali wewe ni daktari, uangalie ng'ombe, uende zako, mambo yaendelee kama zamani.

Nikaona nikikubali leo, nitakuwa daktari mpaka nizeeke.

"Mzee, mimi si daktari."

"Sasa wewe ni nani?"

"Muulize Wakesho."

Mzee akageuka. "Wakesho, ni nani huyu?"

Nilikuwa nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Sema tu, mama. Sema jina langu.

"Ni... mteja, Baba. Wa kabichi. Kutoka Voi."

Sitaficha, iliniuma. Iliniuma kuliko tusi.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Mteja wa kabichi. Lakini leo hamu ya kabichi imeniisha."

Nikauweka mfuko juu ya jiwe, nikaondoka. Nyuma nikamsikia mzee akishangaa, "Mbona mteja amekasirika hivyo? Kwani kabichi zilikuwa na wadudu?"

Nilikaa kwenye kibanda cha chai pale madukani, ukungu umeshuka, baridi inaniingia kwenye mifupa ya Kimiasenyi. Simu ikatetemeka, ujumbe wa Wakesho.

"Kimeu rudi."

Nikaandika: "Nirudi nikiwa nani? Fahali ama kabichi?"

"Niliogopa."

"Mwenye hoteli ana mlio wake. Mwenyekiti wa kwaya ana wake. Mimi nakupenda kuliko hao wote, na umeniazimia wa daktari."

"Ningekuwekea wako, Baba angeuliza ni nani. Wa daktari haulizi."

"Basi uolewe na daktari."

Nilipoutuma tu nikajuta, lakini ujumbe si jiwe useme utaliokota. Ukaenda. Chai yangu ikapoa. Nikamwita kijana wa bodaboda, nikamwambia twende. Nilikuwa nimeshainua mguu nipande pikipiki, ujumbe mwingine ukaingia.

"Nipigie sasa hivi. Ukipiga na ukaona bado sikufai, shuka, sitakusumbua tena."

"Sipigi," nikasema kwa sauti, peke yangu.

"Hupigi nini, bro?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Nyamaza kwanza."

Nikapiga. Kiburi ni kiburi, lakini kidole changu kilikuwa na akili yake. Simu ikaita, ikaita, mpaka nikadhani haitapokelewa. Kisha:

"Haloo!"

Haikuwa sauti ya Wakesho. Ilikuwa ya mzee. Nusura niiangushe simu.

"Haloo, mzee."

"Wewe ndiye Kimeu?"

"Ndiye mimi."

"Kimeu wa Miasenyi? Muuza viatu?"

"Ndiyo, mzee. Umejuaje?"

"Simu imesema!"

"Imesema nini?"

"Badala ya kulia kama simu za watu, imeongea! Kwa sauti ya binti yangu! Imesema hivi: 'Baba, anayepiga ni Kimeu wa Miasenyi. Anauza viatu Voi. Ndiye mwanamume ninayempenda, na ndiye aliyekuwa akipiga kila jioni, si daktari. Pokea wewe.' Basi nimepokea. Unasemaje?"

Ningesema nini, jamani? Machozi yalinijia pale pale mbele ya kijana wa bodaboda. Msichana aliyeogopa kutamka jina langu mbele ya mtu mmoja amelirekodi, ameliweka dirishani, nyumba nzima ilisikie.

Kwa mbali nikasikia sauti ya mwanamke: "Imesema nini? Mimi nilikuwa zizini!"

Mzee akashusha pumzi.

"Kata. Upige tena. Mama yake hajasikia."

Nikakata, nikapiga tena.

"Amesikia," mzee akasema. "Sasa Mama Gibson wa jirani amekuja mbio, anauliza kuna nini. Usipige tena, njoo."

"Mzee..."

"Njoo, nimesema!"

Nilipofika, mzee alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, uso umekunjamana. Mama alikuwa mlangoni. Wakesho alisimama kando ya dirisha lake, macho mekundu lakini kichwa juu. Nilimpenda upya.

"Mmenifanya mjinga!" mzee akafoka. "Kijiji kizima najisifu daktari anapiga kila jioni! Kumbe anapigiwa binti yangu, ng'ombe ni kisingizio!"

"Ni mimi, Baba, si yeye," Wakesho akasema. "Yeye hakujua. Hata yeye nilimdanganya."

"Kwa nini?"

"Ulisema mtu wa nyikani hatakanyaga hapa. Niliogopa utamkataa kabla hujamjua. Sasa nimesema. Ukimkataa leo, utakuwa umemkataa ukijua ni nani na ukijua nampenda."

"Na nikikataa?"

"Nitalia, Baba. Lakini sitamficha tena."

Mzee akanigeukia.

"Kijana, huko kwenu maji mnayo?"

"Tuna tanki, mzee. Mvua ikikosa, tunanunua."

"Na ndovu?"

Wakesho alinitazama. Nilijua jibu ambalo lingenisaidia, nikashindwa kulitoa.

"Wanapita, mzee. Siwezi kukudanganya. Juzi wamevunja uzio wetu na mahindi wakala. Ndiyo maana mimi nimekodi nyumba Voi mjini, na Wakesho akikubali, tutakaa huko."

Mama akakohoa.

"Yule aliyemchukua binti yangu wa kwanza," mzee akasema polepole, "nilimuuliza swali hilo hilo. Akaniambia, 'Ndovu? Kwetu hata nyayo zao hatuzijui.'" Akavaa kofia yake. "Wewe ungeniambia hivyo, saa hii ungekuwa unakimbia na mbwa nyuma yako."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru, sijakupa kitu. Binti haombwi na kijana peke yake langoni kama mtu aliyepotea njia. Nenda ulete wazee wako."

Wakesho alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama alikuwa ameshapiga kigelegele, na Mama Gibson akampokea kule ng'ambo ya ua, bila hata kuuliza ni cha nini.

"Tuje lini, mzee?" nikauliza.

"Mkiwa tayari. Lakini mkifika pale madukani, piga simu kwanza."

"Ili mjiandae?"

"Kujiandaa ni kazi ya mama yenu. Hawa majirani wamesikia fahali mwezi mzima," mzee akasema. "Siku hiyo nataka wasikie jina lako."

Wakesho akafuta machozi, akanyoosha mkono dirishani na kuichukua simu.

"Nitaongeza sauti, Baba."