Kadi za Walioanguka

Siku ya kwanza Philister alidhani ni uzembe wake tu. Kabla ya chakula cha mchana aliacha kadi tatu upande wa kulia wa meza. Aliporudi alikuta tano, na zile mbili za ziada zilikuwa na unyevunyevu, zikinuka plasta mbichi ya kufungia mifupa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, katika chumba cha rekodi cha hospitali moja upande wa Dagoretti, alikokuwa karani. Daktari Daksha alikuwa amemwagiza apekue kadi za miaka mitano, ahesabu watoto waliolazwa kwa kupigwa vibaya. Mapokezi pale huandika chanzo cha jeraha kama kinavyotajwa na aliyemleta mtoto. Na nani atamleta mtoto aseme, "Nimempiga mimi"? Kadi mia nne na ushee zilisema ameanguka. Tatu tu zilisema amepigwa, nazo ndizo alizokuwa ameziweka kulia.

Katika hizo mia nne ilikuwemo moja ya mwanawe, yenye mwandiko wa Philister mwenyewe: Apondi, miaka mitatu, mkono umevunjika, ameanguka kwenye ngazi. Nyumba yao ya Kawangware haina hata kidato kimoja. Dalmas, mumewe, ndiye aliyemvunja mtoto kwa mguu wa stuli, kisha akalia akiapa hatarudia. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuolewa na Dalmas. Philister aliogopa kuvunja nyumba yake, akaficha.

Zile kadi mbili za ziada zilisema ameanguka, akazirudisha kwa wenzake. Kesho yake upande wa kulia zilikuwa kumi na moja.

"Lornah, nani ameshika kadi zangu?" alimwuliza karani wa mapokezi.

"Mimi sijashika kitu yako, haki! Na hii chumba imeanza kunuka, ama ni mimi tu?"

Siku ya nne Philister aliitia kadi ya Apondi mkobani, akajifungia humo ndani saa ya chakula. Jua lilikuwa utosini, wagonjwa wakiongea nje dirishani, na hapo ndipo aliposikia vidole vidogo vikipekua juu ya kabati la chuma, harufu ya plasta ikamjaa kooni, kadi zikawa zinachomoka moja moja na kujipanga mezani zenyewe, na karibu na sikio lake sauti ya kitoto iliyokauka ikihesabu bila haraka, mia moja na tisa, mia moja na kumi, mpaka zipu ya mkoba mapajani mwake ikaanza kufunguka polepole, naye akapiga ukelele.

Jumamosi alimleta Mama Milcah wa kanisa la Roho, mwenye kanzu nyeupe na kengele mkononi. Milcah alisimama katikati ya makabati akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ni jini," alinong'ona. "Anasema hana ugomvi na wewe, mwanangu. Anahesabu tu."

"Atoke, Mama! Nakuomba, atoke!"

"Una hakika? Nikimfunga, huyu harudi hata ukimwita."

"Atoke."

Kengele ikalia, maji ya chumvi yakarushwa kila pembe. Dirisha likajifungua kwa kishindo, na harufu ikaisha.

Jumatatu Philister alipeleka hesabu.

"Tatu? Miaka mitano yote?" Daktari Daksha alivua miwani. "Wakubwa watasema hakuna shida hapa."

"Ndivyo kadi zinavyosema, Daktari." Aliona haya kumtazama usoni.

Wiki mbili zikapita kwa amani. Kisha adhuhuri moja Lornah akaingia mbio na kadi mpya mkononi, wino haujakauka.

"Mama Apondi, si huyu ni mtoto wako? Baba yake amemleta saa hii. Ni kichwa. Haongei."

Mwandiko ulikuwa wa Lornah, maneno ya Dalmas: ameanguka.

Philister aliinua macho kwenye makabati. "Njoo," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Tafadhali, rudi. Mhesabu huyu." Hakuna karatasi iliyotikisika.

"Unaongea na nani?" Lornah alirudi nyuma kwa hofu.

Philister akanyakua kalamu. Akalikata lile neno mpaka karatasi ikachanika, akaandika juu yake: *Amepigwa na baba yake. Si mara ya kwanza. Nilijua.* Akatia sahihi, akamwachia Lornah ile kadi ampelekee daktari, akatoka mbio kuelekea wodini, asijue kama atamkuta mtoto akiwa hai.