Chatu Mwenye Suti

Mama Emérance alikifungua kitabu juu ya meza, akakigeuza ili Jeancy aone vizuri.

— Huyu mwanamuke mu kitanda na nyoka, ni nani?

Picha hiyo Jeancy aliichora mwenyewe: chatu aliyevaa suti, na msichana mwenye sura ya Mwadi, mchumba wake, hadi mwanya wa meno. Hadithi yenyewe ni ile ya zamani, ya msichana aliyekataa wachumba wote akamchagua mgeni mzuri, kumbe nyoka. Jeancy, mchoraji wa vibao vya maduka, alikuwa ameifanya katuni ya watu wazima. Humo chatu anaingia Panda, mtaa wa Likasi, kwa jeep, mama wa msichana anampokea kwa vigelegele, na wakishafika kwake chatu anaanza kumkaba mkewe.

— Mutoto yangu aliisha kuteswa na bwana ya kwanza, mama akasema. Na weye unamuuzisha mu kitabu, bantu ba chorale ya kanisa banamuchekelea. Ndoa haiko tena.

Mzee Gaston, babake Mwadi, alimwuliza kijana kama ana neno la kujitetea. Jeancy alimtazama Mwadi aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa, akaomba msamaha, akaondoka.

Muda si mrefu ujumbe wa Jeancy ukaingia kwenye simu ya Mwadi:

“Usiseme kitu. Bakijua ni weye, batakufukuza ku kazi. Minye nitavumilia.”

Kwa maana Jeancy alichora tu. Maneno yote ya kitabu kile aliyaandika Mwadi. Alikuwa mwalimu katika shule ya watawa, na kitabu chenye picha za kitandani hakingeweza kubeba jina lake. Alimwapisha Jeancy asimwambie mtu, na sasa Jeancy alikuwa tayari kupoteza ndoa kuliko kuvunja kiapo.

Jumapili, baada ya misa, Mwadi alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mama yake. Mama alikuwa akimshukuru Mungu kwamba wamemjua Jeancy mapema. Mwadi akaweka mchi chini.

— Mama, Jeancy haiko mubaya. Minye njo niliandika ile kitabu.

Mama alidhani anamtetea mwanamume. Mwadi akamweleza: aliporudi Likasi kutoka kwa Willy, mume wake wa kwanza kule Kambove, hakuweza kumsimulia mtu yeyote yaliyompata. Kwa mdomo wa yule msichana wa hadithi, aliweza.

Kisha mama akauliza jambo lililomchoma tangu alipokiona kitabu.

— Na ule mama ya mu kitabu, mwenye anamwambia binti yake arudie ku bwana, avumilie. Ni minye?

Mwadi alitamani kusema hapana.

— Ni weye, mama.

Mama Emérance alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema Willy alijua kusalimia wakubwa, na yeye aliogopa watu waseme binti yake ameshindwa ndoa.

— Wakati ulirudia na mukono ya kuvunjika, njo nilielewa. Unisamehe, mutoto yangu.

Delphine, mwimbaji wa chorale aliyemletea mama kitabu, alikuwa amemwonyesha kurasa mbili tatu tu. Alasiri ile mama alikisoma chote, mpaka pale msichana anapotoka kwa chatu mchana kweupe, kwa miguu yake, majirani wakiangalia. Akachukua simu.

— Jeancy? Ni mama ya Mwadi. Kuja tukule. Papa yako naye akuje, tupange ndoa.

Upande wa pili Jeancy aliuliza jambo moja kwanza.

— Mama, Mwadi iko muzuri?

— Iko muzuri. Aliniambia yote. Lakini weye, juu ya nini ulinichora munene hivi?

Mwadi alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mtawa mkuu wa shule kukiri kwamba ndiye aliyekiandika kitabu, mama akimsindikiza. Mtawa alimkemea, akamwambia kitabu kisionekane darasani. Kazi haikuguswa.

Ila hilo lilikuwa bado mbele. Jumapili ile alitoka tu kwenda kumngoja Jeancy barabarani. Alipomwona anakuja na baba yake, wote wawili na nguo za misa, hatimaye alivuta pumzi mpaka chini ya kifua, akaenda kumpokea.