Mashine Iliyosoma Damu ya Matombo

Ijumaa, alasiri.

"Tunapiga mchana," Laurenti alisema. "Mchana hakuna anayetutarajia."

Chumba cha nyuma cha gereji, Kihonda. Harufu ya grisi. Komeo mlangoni. Juu ya meza Laurenti alikuwa amechora kwa chaki barabara ya Matombo: kona, daraja, kona tena. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo mpaka kilipouzwa kwa mwekezaji, naye akatupwa nje pamoja na mashine zilizochakaa. Tangu hapo aliiba. Hakumwomba mtu radhi.

Castory alikaa karibu na mlango, bastola kiunoni. Yeye ndiye aliyeleta dili na mnunuzi. Wa tatu alikuwa Winfrida, mtaalamu wa maabara. Kampuni waliyotaka kuiibia mashine ya kupima damu ndiyo iliyomfukuza, kwa kuuliza kwa nini watu wa milimani wanatolewa damu na hawapewi majibu.

"Hiyo mashine inafanya nini hasa?" Castory aliuliza. "Niibe kitu ninachokijua."

"Ndani kuna kibati kidogo kama ukucha," Winfrida alisema. "Kina vituo mia vya platini. Kila kituo kina umeme wake, na kompyuta ndiyo inayoamua kipi kiwake. Vinasaba vya mtu vina chaji hasi. Ukiwasha chaji chanya, vinakimbilia pale. Vikikuta pacha wao, vinang'ang'ania. Visivyo na pacha unavigeuzia umeme, vinatimuliwa. Kinachobaki kinang'aa. Hapo unajua mtu kabeba ugonjwa gani."

"Bila vibati?"

"Sanduku tupu."

Laurenti alifuta chaki kwa kiganja. "Jambo moja. Kesho haumii mtu."

Castory alitabasamu. "Wewe ndiye bosi."

Jumamosi, saa nne asubuhi.

Lori la ndizi lilikuwa limeziba barabara. Gari la kampuni likatokea konani, likafunga breki kwenye tope. Laurenti akachomoka migombani, kitambaa usoni. Castory akatokea upande wa pili.

"Shuka! Lala chini!"

Dereva alilala. Mlinzi alilala. Wakafungwa mikono. Winfrida akabeba kopo la vibati na kompyuta, Laurenti akaikumbatia mashine hadi kwenye pikapu. Kazi ilikuwa imekwisha. Ndipo Castory alipogeuka, akampiga mlinzi kitako cha bastola mdomoni.

"Amefungwa yule!" Laurenti alifoka.

"Kaniangalia."

"Tuliongea nini jana?"

"Tuliongea dili. Endesha."

Laurenti aliendesha. Kila alipoweza alitupa jicho kwenye ule mkono wenye bastola.

Jumamosi, saa kumi jioni.

Mnunuzi aliwasubiri kwenye banda la kahawa lililotelekezwa, njia ya Kinole. Severini. Viatu vyeupe, simu ya mkononi isiyoshika mtandao.

"Sinunui sanduku," alisema. "Nataka kuona inafanya kazi."

Winfrida aliwasha jenereta. Alihitaji damu. Castory akarudisha mikono nyuma, kwa hiyo Laurenti akatoa kidole.

Walisubiri mpaka chai ikakauka kwenye birika juu ya jiko la mkaa. Mwisho vituo viwili viling'aa kwenye kioo cha kompyuta. Winfrida alivitazama kwa muda mrefu.

"Kaka Laurenti, una mtoto mgonjwa?"

"Bernadeta. Mifupa inamuuma mpaka analia usiku kucha. Nani kakwambia?"

"Damu yako. Umebeba selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, upande mmoja: kituo kimoja kizima, kimoja cha ugonjwa. Wewe haikuumizi. Mama yake akiwa nayo pia, mtoto anaweza kuipata kamili. Hata hospitali wangeipima. Hamkwenda?"

"Shemeji zangu walikwenda kwa mganga. Mganga akamtaja mama yangu. Wakamchomea nyumba, wakamfukuza Matombo, akaenda kwa miguu mpaka Kinole. Nimebishana nao mwaka mzima, wananicheka." Laurenti alisimama. "Hii mashine haiuzwi leo. Inakwenda Matombo kwanza."

"Kaa chini," Castory alisema. Bastola ilikuwa tayari imemwelekea. "Wewe na huyu dada mlikuwa mbaki humu maiti hata hivyo. Bosi Severini kanilipa mimi tu."

Severini alipangusa vumbi kwenye kiatu cheupe.

Winfrida aliinua lile kopo la vibati, akalifungua juu ya makaa ya jiko.

"Piga," alisema. "Piga uone."

"Castory, acha!" Severini alipiga kelele. "Vitaungua!"

Castory aligeuza kichwa. Ilitosha. Laurenti alimrukia. Risasi ilipasua bega lake, lakini mkono wake mzima ulikuwa umeshashika chuma cha bastola. Alimpiga Castory nacho, akatoka nje, akatoboa magurudumu ya gari la Severini kwa risasi. Wakapakia mashine huku damu ikimchuruzika mpaka kiunoni.

"Twende hospitali," Winfrida alisema.

"Matombo."

Jumapili, baada ya misa.

Watu walitoka kanisani wakakuta jenereta inanguruma uwanjani na Laurenti ameegemea pikapu, bega limefungwa khanga. Shemeji yake, Paulo, alikuja mbio.

"Mwizi na mtoto wa mchawi! Unatafuta nini hapa?"

"Damu ya dada yako. Tone moja."

Juliana, mke wa Laurenti, alimtazama Winfrida, akamtazama Bernadeta mgongoni kwake. Paulo alimshika mkono. Juliana aliupokonya, akaunyoosha, kisha akatoa na kidole cha mtoto.

Castory ndiye aliyewaelekeza polisi. Landrova iliingia uwanjani saa sita na nusu, kibati bado kinafanya kazi.

"Afande, shikamoo," Winfrida alisema bila kuinua kichwa. "Nifunge pingu mguuni. Mikono nina kazi nayo."

Afande alisubiri pembeni, pingu mkononi. Umati ulikuwa umesogea, hata padri. Vituo vikang'aa. Vya mama viwili, kama vya baba. Cha mtoto kimoja peke yake, kile cha ugonjwa.

"Wote wawili mmebeba," Winfrida alisema. "Mtoto kapata kutoka kwenu. Hakuna aliyemroga. Mpelekeni hospitali, ipo dawa ya kumpunguzia maumivu."

Juliana alikaa chini palepale kwenye nyasi. "Kumbe ni sisi wenyewe," alisema. Kisha akamgeukia kaka yake mbele ya watu wote. "Paulo, nenda Kinole. Kwa miguu kama alivyokwenda yeye. Umrudishe mama mkwe wangu."

Paulo alivua kofia ya misa, akaanza kutembea.

Pingu zilimbana Laurenti. Afande alimsukuma kwenye Landrova. "Jambazi mkubwa wewe. Unakubali?"

"Nakubali," Laurenti alisema kwa sauti, uwanja mzima usikie. "Nimeiba mashine. Na ningeiiba tena kesho."