Namba Saba Mbili

Kinyozi alikuwa akifagia nywele sakafuni dada yake alipoingia na mzigo bapa uliofungwa kwa magazeti. Dada huyo ni fundi cherehani, na duka lake liko mlango wa tatu kutoka hapo.

"Kaka, na mimi nimenunua!" alisema. "Ulivyoisifia yako, usingizi uliniruka. Nikaenda kwa muuza picha yuleyule."

Akafungua. Ilikuwa picha ya wanawake watatu wakianika shuka, kama ile ambayo kinyozi aliitundika juu ya kioo chake siku nne zilizopita. Hilo halikumshtua. Muuza picha alikuwa amemweleza: mchoraji alichonga ubao, akaupaka wino, akachapa kwa mkono karatasi thelathini tu. Kila karatasi akaitia namba yake na saini kwa penseli. Kisha akafariki. Ndiyo maana bei ilipanda.

Dada akainamia kona ya chini. "Yangu ni namba saba kati ya thelathini. Yako je?"

Kinyozi akapanda kiti. Akasoma, akarudia kusoma.

"Saba kati ya thelathini."

"Wee! Namba moja watu wawili?"

Hawakufunga hata mlango. Wakazibeba picha kwa jirani anayetengeneza fremu, ambaye wote humwita Mama Fremu. Aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya wachapaji. Akatoa kioo cha kukuzia.

"Njoo uone mwenyewe, kinyozi."

Kinyozi akachungulia. Shuka zikageuka vitone vidogo, vimejipanga safu kwa safu.

"Mungu wangu! Ni nini hivi?"

"Vitone vya mashine. Wino wa ubao hutandaa, hauji kwa vitone hivi. Sasa inamisha karatasi kwenye mwanga. Penseli hung'aa kidogo, tena huacha mkwaruzo. Unaona chochote?"

"Bapa kabisa."

"Kwa sababu saini na namba vimechapwa pamoja na picha. Mtu amepiga picha karatasi halisi, akatoa nakala. Nakala si dhambi, jamani. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya halisi."

Dada akajishika kichwa. "Maskini marehemu! Hata kaburini hawamwachi?"

"Marehemu gani?"

"Mchoraji."

"Asubuhi hii alikaa hapo ulipokaa wewe, akilalamikia mgongo."

Dada aliruka kutoka kwenye kiti kama aliyekalia sindano.

Mama Fremu akapiga simu. Mchoraji akaja, mzee mwembamba mwenye wino kwenye kucha. Alizitazama picha kwa muda mrefu.

"Namba saba nilimuuzia yule muuza picha mwenyewe, mwaka jana," alisema. "Kumbe alikuwa ananunua kamba ya kunifungia."

Wakaenda wote wanne kwenye duka la muuza picha, mchoraji akabaki nyuma kidogo. Muuza picha alipowaona wateja wake alitabasamu. Kinyozi akadai fedha zake.

"Stakabadhi yako inasema 'picha moja', kinyozi. Si umepata picha?"

"Soma na yangu," dada alisema. Yeye alikuwa amemng'ang'ania muuzaji aandike kila kitu: imechapwa kwa mkono, halisi, namba saba.

Muuza picha alifungua mdomo ajibu. Ndipo mchoraji akaingia mlangoni. Kikombe kikamponyoka muuza picha, chai ikamwagika kwenye viatu vyake. Alirudisha fedha za wote wawili papo hapo. Hata hivyo walikwenda polisi, wengine wasije wakaumizwa.

Mwezi uliofuata, kinyozi na dada yake walikwenda kwenye karakana ya mchoraji. Safari hii kinyozi aliuliza. Karatasi ni ngapi? Nyingine ziko kwa nani? Karatasi ina doa au imekunjika? Utaniandikia cheti kuwa ni halisi? Kwa nini hii ni nafuu kuliko ile?

"Hii nachapa mia moja, ile zilikuwa kumi," mchoraji alijibu. "Chache huwa ghali, ikiwa watu wanazitaka. Wengi huanza na bei. Wewe umeanza na kazi yenyewe."

Wakachagua ya nafuu. Mchoraji akapaka ubao wino, akalaza karatasi, akaisugua kwa kijiko cha mbao.

"Haya, ivute mwenyewe. Polepole."

Kinyozi akashika pembe mbili. Karatasi ikabanduka kwa sauti ndogo, na ndege mweusi akatokea, mbichi, akinuka wino.

"Haa!" kinyozi alisema, akaiinamisha kwenye mwanga.