Nukta ya Maghalani

Duka la kuchapa michoro lilijaa watu hadi mlangoni, lakini kijana mwenye shati la bluu hakuwa na haraka. Macho yake yalikuwa kwa dada aliyesimama karibu na ukuta, gauni lake la njano likipepea kwa upepo wa feni.

"Kaka, mbona unanikodolea hivyo?"

"Samahani, dada. Naangalia ufa nyuma yako." Akatabasamu. "Ila sasa nimekuona na wewe."

Alikuwa mkaguzi wa majengo, na kazini walimwita Nyufa. Dada naye kazi yake ilikuwa kuuvunja mji kila asubuhi. Aliujenga ndani ya kompyuta, akautikisa kwa tetemeko la kubuni, kisha akapanga mkaguzi yupi aende wapi kwanza, ili ijulikane majengo gani bado ni salama. Nyufa akambatiza Mama Tetemeko, na mapenzi yakaanza kwa utani huohuo.

"Mpenzi, leo umetubomolea nini?" alimpigia kila mchana.

"Soko na maghorofa. Kwako sijagusa, lala tu."

Mama Tetemeko alicheka peke yake mbele ya skrini, na vile vinyumba vya rangi vikawa kama vinaelea. Alikuwa amependa, basi, hata kazi ilimwia ndoto tamu.

Siku ya kuwaonyesha wakaguzi mpango ikafika. Kila mkaguzi alikuwa nukta, ikianzia nyumbani kwake. Nyufa ndiye aliyeijua hospitali kongwe kuliko wote, lakini mji ulipotikiswa, nukta yake ilikimbilia maghala matupu nje ya mji. Wakarudia. Maghalani tena. Hospitali ilibaki bila mkaguzi mpaka jioni, wagonjwa wakiwa nje juani.

"Nyufa, umepangiwa kulinda panya!" wenzake wakaangua kicheko.

Ukumbini Nyufa alimwambia Mama Tetemeko kwa sauti ndogo, "Kumbe huniamini." Tangu hapo simu zake hakupokea.

Mpango ulikuwa karibu kutiwa saini. Asubuhi moja Mama Tetemeko akamfuata Nyufa ofisini kwake, kompyuta kifuani, macho mekundu.

"Nakuamini kupita kiasi. Lakini kila nikikupeleka hospitalini, ardhi inatikisika mara ya pili ukiwa ndani. Najua ni nukta tu, ila moyo unanitoka. Nikakufungia njia kwa mkono wangu, nikakuficha maghalani."

"Na wagonjwa, mpenzi?"

"Nimewakosea. Na wewe pia."

Nyufa akavuta kiti karibu. "Nifungulie njia. Tutazame wote."

Mama Tetemeko akaifungua. Nukta ikapita barabarani, ikaingia hospitalini. Ardhi ikatikisika mara ya pili. Akaukamata mkono wa Nyufa kwa nguvu. Nukta ikatoka salama. Pale kwenye skrini, kabla ya adhuhuri wagonjwa walikuwa wamerudishwa wodini. Akalia waziwazi, kwa furaha na kwa aibu.

"Kuna kosa jingine," Nyufa akasema, akigusa skrini. "Hapa umeandika naanzia kwa mama yangu."

"Si ndiko unakoishi?"

"Andika naanzia kwako."

Akamgeukia, kilio kikimkatika. "Unaniposa kwa kompyuta?"

"Si ndiyo unayoiamini wewe? Wazee wangu watakuja kwenu na maneno yao, usijali. Mimi haya ndiyo yangu."

Mama Tetemeko akaishika ile nukta, akaivusha mtaa kwa mtaa, polepole, mpaka mlangoni kwake, akaiacha hapo.