Wanaolala Nyumba Hii

Kila asubuhi Bi Ernestine Gaddis huamka kabla ya jogoo wa jirani. Huwasha jiko, huchanganya unga wa mahindi na maziwa ya mgando, kisha husikiliza. Husikiliza kifua cha mjukuu wake, Jakayla. Kikikoroma, siku itakuwa ndefu. Kikinyamaza, hushukuru Mungu na kuendelea na mkate.

Jakayla ana miaka mitano na ana pumu. Daktari wa watoto yuko mbali, maili arobaini. Zamani gari la kliniki lilikuja hapa Tallow Bend, kijiji cha kusini mwa Marekani, kila Alhamisi. Siku moja halikuja tena.

Mama yake Jakayla ni Renita, kitinda mimba wa Bi Ernestine. Yuko Chicago, anawaangalia wagonjwa majumbani mwao. Alipoondoka alisema, "Mama, nipe miezi sita tu." Miezi sita imekuwa miaka mitatu. Kila Jumapili baada ya kanisa anapiga simu. Jakayla hukaa na simu sikioni hata baada ya mama yake kukata.

Mwezi wa tatu ililetwa fomu ya sensa. Iliuliza watu wangapi wanaishi katika nyumba hii. Bi Ernestine alivaa miwani, akashusha Biblia ya familia kutoka juu ya friji. Ukurasa wa mbele wa Biblia ile una majina ya ukoo tangu babu wa babu yake. Akanakili majina ya watoto wake kwa mwandiko mzuri: Roosevelt, Curtis, Renita. Juu yao akaandika jina lake.

Jina la Jakayla halikuwamo ndani ya Biblia. Renita alikuwa ameomba, "Usimwandike, Mama. Nitakuja nimwandike mimi mwenyewe." Nafasi ilikuwa imeachwa wazi, upana wa kidole.

Bi Ernestine hakuituma fomu. Aliiweka ndani ya Biblia. Alijiambia, "Nisubiri Pasaka. Renita akija, nitajua la kuandika."

Pasaka ikaja, ikapita. Jakayla alikaa kibarazani na gauni lake la njano mpaka jua likazama. Renita hakupata ruhusa kazini.

Mwezi wa tano mtu alibisha hodi. Alikuwa Velma Tolliver, jirani wa nyumba ya tatu, muuguzi mstaafu. Shingoni alikuwa amevaa kitambulisho.

"Umepata kazi uzeeni, Velma?" Bi Ernestine alimkaribisha kwa chai ya barafu.

"Mimi karani wa sensa sasa. Uniheshimu kidogo. Fomu yako haijarudi, dada."

"Ninayo hapa. Nimeijaza."

Velma aliisoma fomu. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

"Curtis analala wapi, chini ya kochi?"

"Curtis ni askari, yuko Texas. Unajua vizuri."

"Na Roosevelt?"

"Detroit."

"Ana nyumba huko?"

"Ana nyumba, mke na mbwa asiye na adabu."

"Basi Roosevelt anahesabiwa huko, pamoja na huyo mbwa." Velma alitoa fomu nyingine na kalamu. "Hapa tunaandika waliokuwa wakiishi nyumba hii tarehe mosi Aprili. Mtu anahesabiwa pale anapoishi na kulala siku nyingi. Basi."

Bi Ernestine aliweka bilauri chini kwa kishindo. "Unataka niwafute watoto wangu? Nimewazaa katika chumba kile pale. Nilikata kambare kiwandani miaka ishirini na miwili, vidole vikaganda, ili wabaki na paa hili. Leo uje uniambie hawapo?"

"Sijasema si wako. Nimesema hawalali hapa."

Bi Ernestine alitazama dirishani. Soya ilikuwa imechipua, kijani mpaka upeo wa macho.

"Nikiandika hivyo, Velma, nitakuwa nimekubali kwamba wameondoka."

"Wameondoka, dada. Wangu pia wameondoka, wote wanne. Nyumba yangu inahesabiwa mtu mmoja. Unadhani niliandika nikicheka?"

Velma alimaliza chai yake. Halafu chumbani mtoto akakohoa.

"Huyo nani?" Velma aliuliza, ingawa alijua.

"Jakayla."

"Mbona simwoni kwenye karatasi?"

"Huyo ni wa Renita. Yuko hapa kwa muda tu."

"Muda wa miaka mitatu?"

Bi Ernestine alishusha sauti. "Tena sina karatasi za mahakama za kumlea. Watu wa ustawi wa jamii wakisoma jina lake hapa, watakuja kumchukua."

"Hawatasoma. Nimeapa kutunza siri. Nikitoa jina la mtu, nafungwa mimi. Polisi haoni, mwenye nyumba haoni, ustawi hawaoni. Wao wanapewa hesabu tu, si majina. Majina yanafungiwa miaka sabini na miwili."

"Mimi nitakuwa mavumbi."

"Wewe, ndiyo. Sasa nisikilize. Sensa iliyopita, Ola wa pale kona alikuwa na wajukuu wanne. Aliandika mtu mmoja, yeye. Na wengine wakafanya vivyo hivyo. Kila bibi alisema mtoto ni wa mama yake, yuko kwa muda. Hesabu ikaonyesha Tallow Bend ni wazee na kuku. Wenye gari la kliniki ya watoto wakauliza, 'Tunamfuata nani kule?' Wakalipeleka kwingine."

Bi Ernestine aligeuka. "Kwa hiyo lile gari tulilifukuza wenyewe?"

"Kwa kalamu zetu. Mjukuu, mtoto mchanga, mpwa aliyekuja akakosa pa kwenda, wote wanaandikwa. Usimwachie mtu mwingine aandike."

"Labda Renita amemwandika huko Chicago."

"Mpigie."

Haikuwa Jumapili. Renita alipokea kwa hofu. "Mama, Jakayla anaumwa?"

"Mzima. Nakuuliza jambo. Sensa uliandika watu wangapi?"

"Nilijiandika mimi tu. Jakayla nilijua yupo kwako."

Bi Ernestine alikaa chini. Huku hakuandikwa, kule hakuandikwa. Mtoto ambaye yeye humsikiliza akipumua kila alfajiri hakuwa mahali popote.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Namwandika hapa, Renita."

Mlango ulisikika ukifungwa huko. Kisha Renita akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "Mwandike, Mama. Na kwenye Biblia pia. Usiniwekee tena nafasi."

Velma aliuliza, Bi Ernestine akajibu. Watu wawili. Ernestine Gaddis, miaka sitini na mitatu. Jakayla Gaddis, miaka mitano, mjukuu.

Jakayla alitoka chumbani akisugua macho. Bibi yake alikuwa ameinama juu ya Biblia, anaandika polepole kwa wino mweusi.

"Hilo jina langu?"

"Lako."

"Kwani sikuwemo?"

"Ulikuwemo. Bibi yako alichelewa kuandika."

Jumapili iliyofuata, kanisani, Bi Ernestine alisimama wakati wa matangazo. Aliwatazama mabibi wenzake mmoja mmoja. "Mwenye mjukuu aliyemficha kwenye fomu, amwandike. Ola, nakuangalia wewe." Watu walicheka. Wiki ile Velma alichoka miguu kwa kuitwa nyumba hadi nyumba.

Mambo ya hesabu hayaendi mbio. Yalipita majira mawili ya soya. Ndipo Alhamisi moja, honi ikalia kwenye barabara ya changarawe. Gari la kliniki. Mabibi saba walikuwa wamejipanga na watoto kumi na tisa, na Ola alikuwa wa kwanza.

Muuguzi wa kliniki alipima kifua cha Jakayla, akampa dawa mpya ya kuvuta na kumwonyesha namna ya kuitumia. Kisha akachukua karatasi.

"Nyumbani mnaishi wangapi, mrembo?"

Jakayla alimtazama bibi yake. Alitazama pia barabara, mpaka pale inapopinda kwenda kituo cha basi la kaskazini.

"Wawili," alisema. "Siku mama akija kulala, tutakuwa watatu. Nitakuja nikwambie."